Kamba ya Kreni Hufa kwa Taarifa

Cheni za migodini katika milima ya Harz, Ujerumani, zilikuwa na tabia moja mbaya: zilikatika bila kuaga. Cheni ilipandisha mawe kutoka mita mia kadhaa chini ya ardhi wiki baada ya wiki, halafu siku moja pete moja kati ya maelfu ikaachia, mzigo ukarudi shimoni pamoja na cheni yote iliyokuwa chini ya pete ile. Aliyeikagua jana yake hakuona kitu. Angeona nini? Ufa ulikuwa mwembamba kuliko unywele, na umefichwa na kutu na matope.

Wilhelm Albert, ofisa wa migodi katika mji wa Clausthal, alilishughulikia tatizo hili kwa subira ya ajabu. Kufikia mwaka 1829 alikuwa ametengeneza mtambo wa kuivuta cheni na kuilegeza, kuivuta na kuilegeza, kwa uzito ambao cheni hiyo ingeubeba bila taabu kama ungening'inizwa mara moja tu. Cheni zikakatika. Chuma, kumbe, huchoka. Mzigo usioweza kukivunja leo unaweza kukivunja ukirudiwa mara elfu nyingi, na majaribio yale ya Albert huhesabiwa kuwa ya kwanza kabisa kuupima uchovu wa metali.

Julai 1834, katika mgodi wa Caroline hapohapo Clausthal, akafunga kitu kipya: kamba iliyosokotwa kwa waya za chuma. Ilikuwa na misuko mitatu, kila msuko ukiwa na waya nne, na kila waya ikiwa na unene wa milimita 3.5. Waya 12 kwa jumla, zimesokotwa kwa mkono. Karibu kila winchi ya bandarini, kila lifti ya ghorofa na kila kreni ya ujenzi unayoiona leo inaning'iniza mzigo wake kwa mjukuu wa kamba ile.

Ubora wa wazo la Albert haukuwa nguvu peke yake. Pete ya cheni ikikatika, hakuna cheni tena. Waya moja ya kamba ikikatika, 11 zinabaki kazini. Zaidi ya hapo, ile iliyokatika haijastaafu: kwa kuwa imebanwa na wenzake ndani ya msokoto, msuguano unaishika, na mbele kidogo ya pale ilipokatikia inarudi kubeba fungu lake kama kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo kamba ya chuma inaweza kuwa na waya kadhaa zilizokatika hapa na pale na bado ikawa salama, na wakati huohuo waya hizo zinamwambia mkaguzi kwamba umri unasogea. Kifaa kinachokufa kidogo kidogo, tena hadharani, ni bora mara nyingi kuliko kifaa chenye nguvu zaidi kinachokufa ghafla. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo wazo kubwa kuliko yote katika ufundi wa kunyanyua mizigo.

Tuitazame kamba yenyewe kwa karibu. Chukua ya milimita 20, aina iliyozoeleka kwenye kreni: misuko 6, kila msuko una waya 36. Waya za nje zina unene wa milimita 1 hivi, lakini zimetengenezwa kwa kuvutwa kwenye matundu membamba na membamba zaidi hadi chuma chake kikawa kigumu kiasi cha kuhimili kilo 180 kwa kila milimita moja ya mraba. Misuko hiyo 6 imezungushiwa kiini. Katika kamba nyingi, hasa za zamani, kiini hicho ni nyuzi za mkonge, zao lililoingia Tanganyika mwaka 1893 na kuifanya Tanga ijulikane duniani. Mkonge hapo una kazi mbili. Unaishikilia misuko isikandamizane, na unatunza mafuta: kamba inapobanwa kwenye puli, kiini kinakamuliwa na mafuta yanapenya katikati ya waya zinazosuguana. Penye joto kali au mgandamizo mkubwa mkonge haufai, na hapo huwekwa kiini cha chuma.

Kamba hiyo hukatika kwenye tani 25 hivi. Mhandisi anairuhusu kubeba tani 5, yaani moja ya tano. Msomaji anaweza kudhani akiba yote hiyo ni woga, au ni kwa ajili ya opereta anayenyanyua kwa pupa. Kwa sehemu ni kweli, maana mzigo ukinyakuliwa ghafla kutoka chini unaipiga kamba kwa nguvu iliyozidi uzito wake. Lakini adui mkubwa yuko kwingine. Yuko kwenye puli.

Piga hesabu. Tani 5 zikigawanywa kwa chuma chote kilicho ndani ya kamba, kila milimita ya mraba inavutwa kwa kilo zisizofika 30. Sasa ipitishe kamba kwenye puli yenye kipenyo cha milimita 400. Waya ya milimita 1 inapokunjwa kuuzunguka mduara huo, upande wake wa nje unanyooshwa na upande wa ndani unabanwa, na hesabu ya kawaida inaonyesha mkazo wa kilo 50 hivi kwa milimita ya mraba. Kukunjwa tu, hata bila mzigo wowote ndoanoni, kunaikaza waya kuliko mzigo wenyewe. Na kila inapopita inakunjwa na kunyooshwa, yaani jaribio la Albert linarudiwa kila siku ya kazi. Punguza puli iwe milimita 200 na mkazo huo unakuwa mara mbili.

Ndiyo sababu puli za kreni ni kubwa kiasi kile, mara nyingi kipenyo chake ni mara 18 hadi 25 ya kipenyo cha kamba, wakati mtu angeweza kutamani puli ndogo, nyepesi, ya bei nafuu. Ndiyo sababu pia hekima ya kuongeza puli ina gharama yake. Baharia wa jahazi anajua kwamba jarari, kamba ya kupandishia tanga, ikipita kwenye gofia, yaani puli ya jahazi, na kurudi, foromali nzito inayobeba tanga hupanda kwa mikono michache. Kreni hufanya vivyo hivyo: mzigo wa tani 20 ukigawanywa kwenye mikunjo minne ya kamba, kila mkunjo unabeba tani 5. Lakini kamba itabidi isafiri mita 4 ili ndoano ipande mita 1, na kila puli iliyoongezwa ni mahali pengine pa kuichosha waya.

Kiwango cha kimataifa kinachohusu ukaguzi wa kamba za kreni, ISO 4309, kinaichukulia kamba kama kitu kinachotumika na kuisha, sawa na tairi. Mkaguzi anahesabu waya zilizokatika katika urefu ulio mara 6 ya kipenyo, kisha katika urefu ulio mara 30. Kwa kamba yetu hizo ni milimita 120 na milimita 600. Waya zilizokatika hapa na pale si tishio kama zile zilizokatika mahali pamoja. Anapima pia kama kamba imekonda, anatafuta kutu, na sehemu iliyovimba kama kizimba cha ndege. Waya zilizokatika zikifika idadi iliyowekwa, kamba inatolewa, hata kama inaonekana ingeweza kuendelea.

Zipo kamba zinazoiharibu faida hii ya kuonya hadharani. Kreni za mnara huning'iniza mzigo kwa kamba ndefu, na kamba ya kawaida ingeuzungusha mzigo kama pia. Kwa hiyo hutumika kamba zenye tabaka mbili zilizosokotwa kinyume, kila moja ikizuia mzunguko wa mwenzake. Tabaka hizo husuguana ndani, na waya huanza kukatikia ndani, mahali jicho halifiki. Kamba ya namna hiyo hukaguliwa kwa vifaa vya sumaku, au inatolewa mapema.

Wazo la kufa kwa taarifa limeenea hadi kwenye ndoano. Ingekuwa rahisi kutengeneza ndoano ya chuma kigumu sana, lakini chuma kigumu sana hupasuka kama kioo. Ndoano hufuliwa kwa chuma kinachokubali kupinda, ili ikizidiwa mdomo wake ufunguke polepole kabla ya kukatika, na mtu mwenye rula aweze kuligundua jambo hilo. Kuipasha moto ndoano iliyofunguka na kuikunja irudi, au kuichomelea, ni kuufuta ujumbe wake. Kwenye viwanda vya chuma, ambako kreni hubeba ndoo za chuma kilichoyeyuka, ndoano huundwa kwa mabamba yaliyopangwa pamoja: ufa ukianza kwenye bamba moja hauna njia ya kuvuka kwenda la pili.

Breki nayo inafuata mantiki yake. Mwaka 1854, kwenye maonyesho ya Crystal Palace jijini New York, mvumbuzi Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoning'inia kwa kamba, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo likanasa. Uzito wa jukwaa lenyewe, kupitia kamba, ndio uliokuwa umeishikilia springi ikiwa imekunjwa. Kamba ilipoachia, springi ilijikunjua na kusukuma vyuma kwenye meno ya reli za pembeni. Winchi ya leo imejengwa kinyumenyume namna hiyohiyo. Kinachofunga breki ni springi, na umeme kazi yake ni kuifungua. Dereva wa lori analifahamu jambo hili: upepo ukiisha kwenye tangi, lori halitoki. Umeme ukikatika bandarini kontena likiwa hewani, mota inakufa, springi zinabana, kontena linabaki lilipo.

Kushusha, kwa kweli, ndiyo kazi ngumu kuliko kupandisha. Kontena lililojaa, lenye uzito wa kilo 30,480 ambao ndio kikomo cha kawaida, likiwa mita 30 juu limehifadhi nishati ya karibu uniti mbili na nusu za umeme. Likishushwa, nishati hiyo lazima iende mahali. Mota inageuka kuwa jenereta na kuirudisha kwenye gridi, au inaimwaga kama joto kwenye vipinga umeme. Breki ikiachiwa iibebe kazi yote hiyo peke yake, itawaka.

Cheni bloku ya gereji haina umeme hata kidogo, na bado inajibana yenyewe. Ule mlio wa tik-tik injini inapopanda ni kidole cha chuma kikiruka meno ya gurudumu. Ukiachia cheni ya mkono, uzito wa injini ndio unaozibana sahani za breki, kwa hiyo mzigo ukiongezeka na breki inaongeza kukamata. Sahani hizo hutaka kuwa kavu. Fundi mwenye huruma na kopo la grisi anaweza kuuharibu mpango mzima.

Mpaka hapa utaona kila kitu kimepewa akiba na sauti ya kuonya. Sasa njoo kwenye jambo ambalo halina vyote viwili: kreni kubaki imesimama.

Kreni ya magurudumu inayoitwa ya tani 50 hubeba tani 50 mzigo ukiwa mita 3 hivi tu kutoka katikati yake. Peleka mzigo mita 30 na uwezo unabaki tani chache, kwa sababu kinachopindua ni uzito ukizidishwa kwa umbali. Kwa desturi ya Marekani, kreni iliyosimama kwenye miguu yake ya pembeni inaruhusiwa kubeba hadi asilimia 85 ya mzigo ambao ungeipindua. Linganisha: kamba imeachiwa mara tano, kusimama kumeachiwa asilimia 15. Akiba kubwa zaidi ingetaka vyuma vya kusawazisha vizito ambavyo barabara na madaraja hayawezi kuvibeba. Na asilimia hizo 15 zinadhani ardhi ni ngumu na imelala sawa. Mguu mmoja uliowekwa juu ya mtaro uliofukiwa juzi, baada ya mvua za masika, unazila zote. Hata mkono wa kreni wenyewe unachangia: ukipokea mzigo unapinda kidogo, mzigo unasogea nje, na umbali unaongezeka bila opereta kugusa kitu.

Maopereta wa zamani walisema wanasikia kreni ikianza kuwa nyepesi nyuma. Kwenye kreni za kisasa za mkono wa kurefuka hisia hiyo inadanganya, maana mzigo ukiwa karibu mkono unaweza kuvunjika kabla kreni haijaanza kuinuka. Kwa hiyo kompyuta inapima presha, pembe na urefu wa mkono, inapiga kengele, kisha inakata mwendo. Huwekwa pia ufunguo wa kuizima kwa dharura, na sijui uamuzi wa kihandisi unaotumiwa vibaya kuliko huo.

Upepo haumo kwenye kipimo cha uzito. Tarehe 14 Julai 1999, mjini Milwaukee, Marekani, kreni kubwa iliyoitwa Big Blue ilikuwa ikinyanyua kipande cha paa la uwanja wa besiboli chenye uzito wa zaidi ya tani 400. Ilianguka na kuua mafundi watatu. Upepo unaoipiga kreni ulikuwa umefikiriwa. Upepo unaolipiga paa lenyewe haukuingizwa kwenye hesabu. Ubapa wa mita za mraba 100 ukipigwa na upepo wa mita 10 kwa sekunde unasukumwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 600, tena kwa ubavu, upande ambao mkono wa kreni ni dhaifu. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne.

Fikiria basi mashine 365 za umeme wa upepo za Lake Turkana Wind Power kule Marsabit, Kenya, kila moja na mabawa matatu ya mita 25 hivi, zikisimamishwa na kreni mahali palipochaguliwa kwa sababu moja tu, kwamba upepo wake hautulii. Kwa kazi za namna hiyo kipimo cha upepo hufungwa kwenye ncha ya mkono wa kreni, kwa kuwa chini na juu si hewa moja, na kikomo huandikwa kabla bawa halijafungwa kamba. Kikipitwa, bawa linashushwa na watu wanasubiri, huku kodi ya kreni ikiendelea kuhesabiwa.