Karata Kali Si Ushindi

Jioni moja mjini Voi, wanafunzi walinikaribisha katika karata waziitazo poka. Niligawiwa nne: ree, mbili, tatu na sita. Nikajiona bingwa, nikaitupa sita kwanza. Kumbe nilikosea! Mbili na tatu humlisha jirani, ree hukinga adhabu. Lakini mchezo haumalizwi kwa karata hizo. Humalizwa kwa karata ya kawaida, baada ya kutangaza “niko kadi”.

“Mwalimu, umetupa ufunguo,” kijana mmoja aliniambia.

Basi wenye karata kali wazitoe jirani akaribiapo kumaliza, ree wajikingie, sita waitunze. Nasi walimu tuwakumbushe wanafunzi wenye vipaji: kipaji hufungua mlango, bali kazi ya kila siku ndiyo imalizayo safari.