Mlangamia wa Jambiani na Swali la Asili ya Mimea Vimelea Inayochanua Maua

Katika ukanda wa maweni wa Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, mlangamia ni mmea usio na majani ya kuonekana, wenye nyuzi za manjano au kijani zinazojizongazonga juu ya mlakasa na vichaka vya pwani. Jina hilo linajitosheleza kwa kazi yake, kwani linatambulisha mmea kwa namna unavyoishi. Utata huanza pale mtafiti anapolichukua jina la mwenendo na kulifanya jina la ukoo. Mlangamia wa pwani ni Cassytha filiformis, lakini jina hilohilo hupewa pia mimea ya jenasi Cuscuta, ambayo kwa umbo la nyuzi zake ni vigumu kutofautishwa na ule wa kwanza.

Kinasaba, mimea hiyo miwili iko mbalimbali sana. Cassytha imo katika familia ya Lauraceae, pamoja na mdalasini na mparachichi. Cuscuta imo katika familia ya Convolvulaceae, yenye kiazi kitamu na mlakasa wenyewe. Kwa hiyo, Cassytha inapounyonya mlakasa ufukweni, mmea unaonyonywa ndio ulio jamaa wa Cuscuta, ilhali mmea unaonyonya ni jamaa wa mdalasini unaolimwa katika mashamba ya viungo ya Kizimbani. Ushahidi wake hauhitaji maabara. Ua la Cassytha lina sehemu zilizopangwa kwa tatutatu, na vifuko vyake vya chavua hufunguka kwa vilango vidogo, kama ilivyo katika ua la mdalasini. Ua la Cuscuta kwa kawaida huwa na sehemu tano au nne, na petali zake zimeungana.

Mfanano wa nyuzi umetokana na maisha ya aina moja. Mbegu ya kila mmoja huota ardhini, mche hutafuta mmea wa kuushika, kisha hutoa haustoria, yaani kiungo kinachopenya ndani ya shina la mwenyeji na kufyonza maji na virutubisho. Baada ya hapo mzizi hufa. Inakadiriwa kwamba, miongoni mwa mimea inayochanua maua, maisha ya kunyonya yalianza takribani mara 12, kila mara katika ukoo tofauti. Kwa sababu hiyo, kuulizia asili ya mimea vimelea kana kwamba ni moja ni kukosea tangu swali.

Kuhusu Cassytha, yako maswali matatu ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni mahali ambapo ukoo huo ulianza kunyonya. La pili, mahali jenasi iliyopo leo ilipotawanyikia. La tatu, jinsi spishi moja, C. filiformis, ilivyofika Jambiani. Spishi nyingi za jenasi hiyo, yenye takribani spishi 20, zinapatikana Australia, na ni rahisi kuhitimisha kuwa huko ndiko kwao. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Wingi wa spishi huweza kuonyesha mahali zilipogawanyika karibuni, si mahali ukoo ulipozaliwa. Aidha, kusini mwa Afrika kuna spishi za pekee, mojawapo ikiwa C. ciliolata. Molekyuli nazo husomwa kwa tahadhari: katika jenomu ya kloroplasti ya C. filiformis baadhi ya jeni zimepotea, na mabadiliko ya kasi ya namna hiyo huweza kupotosha makadirio ya umri.

Swali la tatu lina jibu jepesi zaidi. Tunda la mmea huu huelea majini na pia huliwa na ndege. Spishi hiyo imeenea pwani za tropiki duniani kote. Kuwepo kwake Unguja hakuhitaji kuelezwa kwa shehena za majahazi wala kwa kilimo.

Kirukia, cha familia ya Loranthaceae, kinaonyesha njia nyingine. Jenasi tatu za familia hiyo zinazonyonya mizizi badala ya matawi, Nuytsia na Atkinsonia za Australia na Gaiadendron ya Amerika, huwekwa karibu na shina la ukoo. Mgawanyo huo uliwafanya wataalamu, akiwemo Barlow, kuitafuta asili yake katika bara la kale la Gondwana. Hata hivyo, makadirio ya kimolekyuli huonyesha kwamba virukia viliingia Afrika baada ya bara hili kujitenga. Ndege, basi, wana sehemu kubwa katika historia hiyo kuliko mwendo wa mabara. Kwa Unguja, iliyoungana na bara wakati wa enzi ya barafu iliyopita kwa kuwa mlango wa bahari kati yake na bara ni wa kina kifupi, si lazima kila kirukia kiwe kilivuka maji. Pemba, iliyotenganishwa na kina kirefu, haiwezi kuelezwa hivyo, na sampuli za visiwa hivi viwili hazifai kuchanganywa katika uchambuzi mmoja.