Je, Wajua? Bunduki ya Bata Haikurusha Kitu

Wengi waliokulia Makongeni, Thika, enzi za gemu za kaseti wanaikumbuka bunduki ya plastiki ya kuwindia bata. Je, wajua kwamba haikurusha chochote kwenye televisheni? Kazi yake ilikuwa kupokea mwanga. Ulipovuta kifyatulio, skrini iligeuka nyeusi kufumba na kufumbua, kisha kisanduku cheupe kikatokea pale alipo bata. Kijicho kilicho ndani ya mtutu kikiona giza halafu weupe, bata kaanguka. Kikiona giza tupu, umekosa. Giza lilitangulia makusudi, ili mjanja anayelenga balbu ya sebuleni asipate alama za bure. Huo ni ubunifu wa kuvuliwa kofia.

Gemu hiyo, Duck Hunt, ilitolewa na Nintendo ya Japani mwaka 1984, mwaka mmoja baada ya mashine yake, Famicom. Mitaani kwetu zilienea nakala za bei nafuu za mashine hiyo, na kaseti moja ilisheheni gemu tele: Contra, Super Mario, vifaru vya Battle City. Kaseti ikigoma, tuliipuliza. Pumzi haikusaidia, kilichosaidia ni kuichomoa na kuirudisha hadi pini zishikane vyema. Unyevu wa pumzi huziharibu pini hizo.

Ukiipata bunduki hiyo leo, usihangaike na televisheni bapa. Picha yake huchelewa, na bata hawaanguki. Tafuta televisheni ya zamani yenye kisogo kabla haijaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.