Chuki ya wazee ilivyowatenga wapenzi katika filamu bubu

JE, ni haki kijana atozwe deni la damu lililoachwa na babake? Swali hilo ndilo kiini cha Smilin' Through, filamu bubu ya Kimarekani iliyotolewa mwaka wa 1922 chini ya mwelekezi Sidney Franklin.

Kisa chenyewe kinatokea Uingereza. Siku ya harusi yake, John Carteret anampoteza bibi arusi, Moonyeen, anayeuawa kwa risasi ya Jeremiah Wayne, mwanamume ambaye posa yake ilikuwa imekataliwa. Miaka inapita. Carteret, sasa mzee, anamlea msichana Kathleen, naye Kathleen anampenda Kenneth, mwana wa muuaji yule. Mzee anapiga marufuku mapenzi hayo.

Kana kwamba hilo halitoshi, Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vinamwita Kenneth. Anarejea akiwa amejeruhiwa, na kwa kuchelea kuwa mzigo, anajifanya hampendi tena Kathleen. Hivyo wapenzi wanatengwa mara mbili: kwanza na jamaa, kisha na vita.

Filamu za enzi hiyo hazikuwa na sauti. Maneno machache yaliandikwa kwenye pazia, na muziki ukapigwa papo hapo ukumbini. Mengine yote yalibebwa na nyuso. Hapo ndipo uamuzi mmoja wa watayarishi ulipokuwa na uzito: Norma Talmadge aliigiza Moonyeen na Kathleen, naye Harrison Ford (si yule mwigizaji mashuhuri wa baadaye) akaigiza Jeremiah na Kenneth. Mtazamaji alielewa bila kuelezwa: kila Carteret anapomtazama Kenneth, anamwona muuaji.

Lakini sura si tabia. Jeremiah alitaka kupata kwa nguvu asichopewa. Kenneth yu radhi kukosa akipendacho ili mwenzake asiteseke. Mzee anapoitambua tofauti hiyo, ndipo analegeza msimamo.

Kisa hicho, kilichotokana na mchezo wa kuigiza wa mwaka wa 1919, kilirekodiwa upya kwa sauti mwaka wa 1932, Franklin akiwa mwelekezi tena, na kwa rangi mwaka wa 1941. Si ajabu. Maadamu wapo wazee wanaowarithisha watoto wao uhasama wasiouanzisha, kisa hiki hakitakosa watazamaji.