Jedwali Lililolala Katika Andiko Lililosimama

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama wa Bonga, kusini ya mji wa Babati, kando ya barabara kuu iendayo Kondoa na Dodoma. Wameafikiana kukamua mafuta ya alizeti, na sasa wanatayarisha andiko la mradi ili waombe mkopo wa halmashauri, ule usio na riba utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Binti wa katibu, aliyemaliza kidato cha nne, ndiye mpiga chapa wao. Maelezo yamekaa vizuri. Taabu inaanzia kwenye jedwali la makisio: kifaa, idadi, bei, mchango wa kikundi, mkopo unaoombwa, na mwisho kabisa jumla. Karatasi inapotoka mashineni, jumla haimo. Imeangukia nje ya ukurasa.

Atakayelisoma andiko hilo hatajua kama akina mama hawa hawakujumlisha, au hawakutaka ajue.

Binti anaamua kuulaza ukurasa. Anaulaza, na andiko zima, tangu jalada hadi saini, linalala pamoja nao.

Enzi za taipureta jambo hili halikuwa na fumbo. Kila karatasi ilijitegemea. Mpiga chapa aliigeuza, akaiingiza kwa upande mrefu iwapo mashine yake ilikuwa pana ya kutosha, akaendelea na kazi. Katika kompyuta andiko ni kitambaa kimoja kirefu, na amri ya sura ya ukurasa hukienea chote mpaka ikutane na mpaka. Mkulima wa Bonga huchanganya mahindi na mbaazi katika shamba moja akavuna vyote viwili. Kompyuta haikijui kilimo hicho.

Mpaka wenyewe huitwa mkato wa sehemu. Katika programu ya Microsoft Word umo katika orodha moja na mkato wa ukurasa, na kwa mgeni wawili hawa ni kama kurwa na doto. Lakini mkato wa ukurasa husukuma tu maneno yaende ukurasa unaofuata, sura haibadiliki. Binti anahitaji mikato miwili ya sehemu, ya aina inayoanzia ukurasa mpya: mmoja kabla ya jedwali, mwingine baada yake. Kisha aweke kishale kati yake ndipo aulaze ukurasa. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Ukiacha pambizo ya sentimita 2.54 kila upande, iliyosimama inabakiza milimita 159 za kuandikia, iliyolala 246. Jumla sasa ina mahali pa kukaa.

Linabaki suala la kijajuu, yale maneno yanayojirudia juu ya kila ukurasa, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Sehemu mpya hurithi kijajuu cha iliyotangulia, na wakati urithi huo upo, ukigusa cha huku, cha kule nacho chabadilika. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuviharibu vijajuu vya sura tatu kwa kubadili kimoja. Basi binti aingie kwanza katika kijajuu cha sehemu ya jedwali, azime kitufe kinachokiunganisha na kilichotangulia, afanye vivyo hivyo katika sehemu ya tatu, na baada ya hapo ndipo aandike. Kijachini kina kiungo chake, nacho kikaguliwe. Jalada halihitaji mkato: yatosha kuchagua kwamba ukurasa wa kwanza uwe tofauti.

Na ajihadhari na kufuta. Sura ya kila sehemu huhifadhiwa katika mkato ulio mwishoni mwake. Ukifutwa, maneno yaliyo juu yake hujiunga na sehemu inayofuata na kuvaa sura yake. Binti akiufuta mkato wa kwanza, maelezo yote yatalala kama jedwali.

Asiye na Word atumie LibreOffice, inayopatikana bure. Ni mtoto wa OpenOffice, programu ambayo mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Humo hutengenezwa mtindo wa ukurasa uliolala, wenye kijajuu chake, nao huchaguliwa pale unapokata ukurasa. Binafsi naona njia hii ina fumbo dogo zaidi.

Kabla ya kupanda gari kwenda Babati mjini kuchapisha nakala zote, binti azitazame kurasa zote kwa pamoja katika kioo, kisha achapishe ule wa jedwali peke yake. Katibu achukue kalamu, ajumlishe safu ya mwisho kwa mkono.