GARI LIKISHUSHWA, TAA NAZO ZIPIMWE

Siku hizi vijana wengi wenye magari hupenda kuyashusha yakaribie ardhi. Springi fupi hufungwa mahali pa zile za kiwandani, au hizo hizo za kiwandani hukatwa kwa msumeno, na gari huonekana kama mnyama aliyechuchumaa tayari kuruka. Hatuna ugomvi na urembo. Lakini ni vema ikumbukwe kwamba taa za mbele zimefungwa kwenye bodi, na bodi ikibadili mkao, mwanga nao hubadili njia.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mitaa kama ya Rwezamenyo, wilayani Nyarugenge, mjini Kigali. Barabara za huko hupanda na kushuka kwa kufuata vilima. Usiku waenda kwa miguu hupita kando, na waendesha pikipiki, ambao wenyeji huwaita motari, hupishana na magari kila dakika. Gari linapochomoza juu ya mwinuko, mwanga wake huwaelekea machoni wanaopanda hata kama taa zimepimwa vizuri. Sembuse zikiwa zimepotoka!

Hebu tufanye hesabu. Taa ya gari dogo huwa kiasi cha sentimeta 65 kutoka ardhini, na mwanga wake hafifu, yaani dimu, huinamishwa kwa asilimia 1: kila mita 10 unashuka sentimeta 10. Mwanga huo basi hufika mita 65. Gari likishushwa sentimeta 5 mbele na nyuma kwa usawa, mwinamo haubadiliki. Mwanga hufika mita 60. Hasara hiyo ni ndogo.

Hatari ipo pale panaposhushwa upande mmoja. Tuseme magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana mita 2.5. Nyuma ikishuka peke yake sentimeta 5, mwanga huinuka kwa asilimia 2, na badala ya kuinama sasa unapanda. Umbali wa mita 50, ukingo wa mwanga huwa kwenye kimo cha sentimeta 115 hivi, ambacho ndicho kimo cha macho ya dereva wa gari dogo lijalo. Mbele ikishuka peke yake, mwanga hukomea mita 20. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, mita 20 huisha kwa sekunde moja na kidogo, kabla mguu haujakanyaga breki sawasawa. Mtoto anayevuka ataonekana akiwa amekwisha kufikiwa.

Dawa yake si ghali. Gari liwekwe mahali tambarare, likielekea ukuta ulio umbali wa mita 5. Upepo wa magurudumu uwe sahihi, buti iwe tupu, na mtu akae kwenye kiti cha dereva. Kama ndani kuna kitufe cha kuinamisha taa, kiwekwe kwenye sifuri. Bodi itikiswe mara mbili tatu ili springi zitulie. Kisha upimwe urefu kutoka ardhini hadi katikati ya taa, alama ya kimo hicho ipigwe ukutani, na mstari uchorwe sentimeta 5 chini yake. Taa moja ifunikwe, nyingine iwashwe dimu, na skrubu iliyo nyuma yake izungushwe hadi ukingo wa mwanga ukae juu ya mstari. Taa ya pili nayo ifanyiwe vivyo hivyo. Penye nafasi ya mita 10, tofauti iwe sentimeta 10; hapo kosa huonekana wazi zaidi.

Yako magari ambayo taa hujiinua na kujishusha zenyewe kwa kufuata kifaa kilichounganishwa na mikono ya magurudumu. Haya yakishushwa, kifaa hicho hudanganyika, na hapana budi kipangwe upya kwa mashine ya fundi.

Liko pia jambo la upande. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto, kama Japani. Taa iliyotengenezwa kwa nchi za kushoto huinua mwanga wake upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa njia. Ikifungwa kwenye gari la Kigali, humulika macho ya anayekuja. Kosa hilo haliponi kwa bisibisi. Ni kutafuta taa inayofaa.

Isitoshe, taa ya dimu isishuke chini ya sentimeta 50 kutoka ardhini, kwani hicho ndicho kikomo kilichowekwa na Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa.

Wenye magari wasingoje siku ya ukaguzi. Na ndugu zetu mafundi, kila mnapofunga springi fupi, msikabidhi ufunguo kabla ya kuutazama ukuta. Barabara ni ya wote, na anayekuja mbele naye ana haki ya kuona.