Maji ya Choo Yanapokataa Kushuka

Leo tutazungumza habari za choo cha maji, na hasa habari za lile karo lililofukiwa nyuma ya nyumba, ambalo watu hulisahau mpaka siku maji machafu yanaporudi bafuni.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wa nchi hii walikusanyika kwa vikundi mbele ya redio, wakajifunza mambo ya afya, na wengi wakaenda kuchimba vyoo vya shimo. Kazi ile ilikuwa rahisi kuieleza: chimba, funika, jenga banda. Lakini siku hizi hata vijijini, Kurui na kwingineko, wapo wanaojenga nyumba zenye choo cha maji, nacho kina sehemu nyingi. Sehemu moja ikikataa, zote husimama.

Basi kwanza tujue njia ya maji. Maji hutoka chooni kwa bomba, hupita katika chemba, yaani kishimo chenye mfuniko cha kukagulia, kisha huingia katika karo. Karo ni tangi lisilovuja. Humo uchafu mzito huzama ukawa tope, mafuta na povu huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwa bomba la pili kwenda katika shimo la kunyonyea. Kuta za shimo hilo zina matundu ili ardhi iyanywe maji. Kumbuka: karo halinywi maji. Ardhi ndiyo inayoyanywa.

Maji yakikataa kushuka, wengi husema mara moja, "Karo limejaa, tuite gari la kunyonya." Ngoja kidogo. Gari hutoka mbali, na malipo yake si madogo. Pengine huna haja nalo.

Anza ndani ya nyumba. Kama bafu tu limekataa na choo kinashuka vyema, basi bomba la bafu ndilo lililoziba, kwa nywele, sabuni au mchanga. Kama vyote vimekataa, funua chemba. Ukiikuta kavu, pameziba kati ya nyumba na chemba. Penyeza waya mgumu wenye kupindika, uzibue. Ukiikuta imejaa, shida iko mbele zaidi. Nenda ukafunue karo.

Hapa naomba usikilize sana. Usiwashe kiberiti, wala sigara, wala kibatari. Funua, kisha jitenge, uache hewa ipite. Na mtu yeyote asiingie ndani ya karo wala ndani ya shimo, hata kwa dakika moja, hata kama limekwisha kunyonywa. Mna hewa ya sumu. Hunuka kama yai bovu, lakini ikizidi pua hufa ganzi, usiisikie tena, na mtu huanguka kabla ya kupiga kelele. Ndiyo maana pengine hufa wawili au watatu mahali pamoja: yule aliyeingia, na ndugu zake walioruka kumwokoa. Ndoo ikianguka humo, iache. Watoto nao wakae mbali mpaka mfuniko urudi mahali pake.

Sasa tazama maji yamefika wapi. Karo zima siku zote hujaa mpaka kwenye mdomo wa bomba la kutokea. Huo si ugonjwa. Yakiwa hapo na chemba bado imejaa, bomba la kuingilia ndilo lililoziba. Yakiwa yamepanda juu ya mdomo huo, ama bomba la kutokea limeziba, ama shimo la kunyonyea limeshiba. Yakiwa chini sana, karo linavuja, na wenye visima jirani wana haki ya kuambiwa.

Kisha pima tope. Chukua mti mrefu, uviringishie kitambaa cheupe, uuzamishe mpaka chini, ungoje kidogo, uutoe polepole. Tope litaacha alama nyeusi. Kama kina cha maji ni futi 6 na tope ni futi 2, hiyo ni theluthi moja: ita gari. Kama tope ni inchi chache tu, gari litaondoka na fedha yako, na baada ya siku chache maji yatarudi vile vile.

Gari likija, simama utazame. Maji yakitiririka kurudi karoni kutoka bomba la kutokea, umekwisha kupata jibu: shimo limeshiba. Je, hushiba wakati wa masika tu? Labda maji ya paa yanamiminikia pale. Chimba mfereji uyapeleke kwingine. Kama hukataa hata kiangazi, kuta zake zimezibwa na tope na mafuta. Kumimina mafuta ya taa au dawa kali hakusaidii, bali huua vijidudu vinavyoozesha uchafu. Chimba shimo jingine, la zamani ulipumzishe.

Wala usiseme maji yakisimama shimoni hayamdhuru mtu. Mbu aina ya kuleksi huzaa humo, naye hapa pwani hueneza matende na mabusha. Kule Makunduchi, Unguja, mwaka 1988, wataalamu walimwaga juu ya maji ya vyoo vya shimo chembe nyeupe nyepesi, za namna ile inayofungiwa redio mpya sandukuni. Zikaelea, zikafunika maji, mbu wakakosa pa kuzalia. Watu nao wakapewa dawa, na ugonjwa ukapungua sana.

Shimo jipya liwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, upande wa chini wa mteremko. Kabla ya kulipa wachimbaji, pima ardhi. Chimba kishimo cha upana wa futi 1, ukijaze maji jioni. Asubuhi tia maji tena, usimamishe rula, utazame saa. Kama saa nzima imepita na maji hayajashuka hata inchi 1, udongo huo ni wa mfinyanzi. Tafuta mahali pengine. Andika namba zako katika daftari, uje nazo darasani juma lijalo.